Sitaki Majina, Nataka Sababu

Nilipokuwa mshauri nasaha, watu walinimwagia kila kilichowajaa moyoni. Nilipokuwa mkuu wa chuo, watu walewale wakaanza kuniambia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mimi nilikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba kalamu yangu sasa iliweza kumrudisha mtu kwao kabla hajamaliza masomo, au kumnyima mwingine mkataba. Nakaribia kumaliza muda wangu wa uongozi hapa Tabora, na vijana kadhaa niliowafundisha saikolojia wameanza kuteuliwa kuwa wakuu wa idara, maamidi na wakuu wa shule. Nawaona wanaingia ofisini wakiamini kwamba, kwa kuwa wamesomea watu, watu watawafungukia. Ndiyo maana naandika.

Nimezaliwa Isevya, hapahapa mjini. Baba alikuwa mtu wa reli, na nyumba ya mtu wa reli Tabora haikosi wageni. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye likajengwa tawi la kwenda Mwanza. Kwa hiyo aliyetoka Mwanza akielekea Kigoma ilibidi ashuke Tabora angoje. Wengine walingojea stesheni, wengine walingojea kwetu. Mama aliwatengea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na chai, na mimi nikiwa mkekani nikijifanya nimelala nilisikia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia: nani kamkimbia mumewe, nani hakwenda kumzika baba yake kwa ugomvi wa ng'ombe, nani anadaiwa na hana pa kutokea. Asubuhi walikuwa wameshapanda treni. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini wageni wanasema mengi kuliko majirani. Akanijibu huku akikusanya vikombe, "Jirani utaonana naye kesho kisimani." Hakuongeza neno, nami sikuhitaji zaidi.

Nilipomaliza ualimu nilipangiwa shule ya msingi wilayani Kasulu. Miaka ile Kigoma ilikuwa inapokea watu kila kukicha. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakamiminika mpakani. Mwaka 1996 vita vya Zaire viliwaleta Wakongo wa Kivu Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mashirika yalihitaji watu wanaojua kuandika na wenye subira, nami nikaacha chaki nikaenda kuwa msaidizi wa huduma za jamii kambini. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Unakaa chini ya turubai, mtu anakaa mbele yako, unamuuliza ana watoto wangapi, nani amefariki, nani amepotea njiani, anaumwa nini.

Haikunichukua muda kuona kwamba watu waliijibu fomu, hawakunijibu mimi. Fomu ilikuwa na uwezo wa kumpatia mtu turubai, sufuria, au kadi ya mgawo, kwa hiyo ilielezwa habari za turubai, sufuria na mgawo. Namkumbuka mama mmoja wa makamo, kilemba chake kimefungwa vizuri, ambaye kila nilipouliza kama kuna jambo linalomsumbua usingizini alisema hakuna. Jioni nilimkuta kwenye foleni ya bomba, ndoo yangu nyuma ya yake, sina karatasi wala kitambulisho shingoni. Alinieleza habari za mwanawe wa kwanza tangu mwanzo wa foleni mpaka maji yalipofika kwenye ndoo zetu. Kwa Kiswahili chake cha Uvira alinisimulia usiku ambao hakuwa ameutaja kwa mtu tangu avuke ziwa. Niliondoka pale nikijua nataka kusomea nini.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilinipa majina ya vitu nilivyokwisha kuviona. Kati ya yote niliyosoma, majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya mwaka 1951 ndiyo yaliyonishika kooni. Mtu anawekwa kwenye kundi, wanaonyeshwa mistari, wanaulizwa upi unalingana kwa urefu na ule wa mfano. Jibu liko wazi, mtoto wa chekechea angelitoa. Lakini wenzake wote wamepangwa na mtafiti watoe jibu la uongo, tena kwa kujiamini. Takriban theluthi moja ya majibu yalifuata uongo wa kundi. Wengi husimulia hadi hapo wakaishia. Mimi nilivutwa na sehemu inayofuata: Asch alipompanga mtu mmoja tu ndani ya kundi aseme kweli, utiifu ule ulianguka sana. Mtu mmoja alitosha. Wakati ule niliona ni habari ya kupendeza ya kufundishia. Baadaye ikawa msaada wangu wa kila wiki.

Lingine lililonijenga lilitoka kwetu wenyewe. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bagamoyo kwa mamia ya watoto wa shule. Waliwapa vipimo vya akili vya kawaida, kisha wakawaelekeza kwa muda mfupi, chini ya saa moja, namna ya kuyaendea maswali ya aina ile, halafu wakawapima tena. Alama zilipanda. Fikiria maana yake: mtoto ambaye karatasi ilishamwita mzito, kumbe hakuwahi kuonyeshwa mchezo unavyochezwa. Nimefundisha utafiti huo kwa miaka mingi, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayenyamaza kabisa ukumbini kwa sababu anajiona humo. Kwangu ulibaki na fundisho la kikazi: alama inakueleza mtu amefika wapi siku ile, haikuelezi kilichomfikisha hapo. Ukitaka kujua kilichomfikisha, lazima uulize, na ukiuliza ukiwa umeshika rungu utaambiwa unachotaka kusikia.

Nilirudi Tabora nikiwa mhadhiri msaidizi. Nikafundisha, nikasoma uzamivu, nikawa mkuu wa idara, nikawa amidi. Hayo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa wengi na sioni haja ya kuyasimulia. Ila miaka hiyo yote nilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuwa na posho wala cheo: alasiri nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba nikisikiliza wanafunzi. Walikuja wenye sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, walioachwa, walioposwa bila kuulizwa, waliokosa mkopo wakawa wanaishi kwa kuuza vocha. Walikuja kwa sababu sikuwa na la kuwafanya. Nilikuwa yule mgeni wa treni, isipokuwa kesho yake nilikuwepo.

Kisha nikateuliwa kuwa mkuu wa chuo.

Wiki ya kwanza nilipokea wageni na pongezi. Wiki zilizofuata niligundua kimya. Tulikaa kikao cha wakuu wa idara kupitisha ratiba mpya ya mihadhara. Nilieleza, nikauliza kama kuna mwenye hoja, wote wakatikisa vichwa wakaafiki. Tulipotoka kwenda kunywa chai nikasikia nyuma yangu watu watatu wakisema ratiba ile haitekelezeki, kwa sababu ukumbi mkubwa ulishagawiwa kwa kozi mbili saa ileile. Walijua. Walikuwa ndani ya kikao wakijua. Nilimwendea mzee wetu wa udahili, mtu aliyewaona wakuu wa chuo wakija na kuondoka, nikamuuliza kulikoni. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Mama, ukiwepo pale sisi tunakuwa wanafunzi wako. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya darasa."

Mtu wa saikolojia akisikia hivyo anamkumbuka Irving Janis, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu namna kundi la watu wenye akili linavyoweza kukubaliana upesi na kupotea pamoja. Mfano wake mkuu ulikuwa uvamizi dhidi ya Cuba ulioandaliwa na Marekani mwaka 1961 pale Ghuba ya Nguruwe, ambapo washauri wa Rais Kennedy wenye mashaka walimeza mashaka yao. Mwaka uliofuata, kwenye mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba, Kennedy alifanya jambo rahisi: baadhi ya vikao hakuingia, ili watu wabishane wasimtazame usoni. Nikasema kama lilimfaa rais wa Marekani mwenye makombora mezani, litanifaa mimi mwenye ratiba. Tangu hapo ajenda nzito hujadiliwa kwanza mimi nikiwa nje. Nakaa ofisini na mafaili yangu, wao wanapambana, kisha katibu ananiita na kunisomea hoja za kupinga kabla ya hoja za kuunga mkono, bila kutaja nani kasema nini. Na kwa heshima ya Asch, kila kikao mtu mmoja anapewa kazi ya kutafuta ubovu wa pendekezo. Inakwenda kwa zamu, kwa hiyo hakuna anayeonekana mkorofi. Mara ya kwanza aliyepewa zamu alikuwa kijana mpole wa idara ya historia, na alichambua bajeti yetu mpaka mhasibu akaomba maji.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba msomi wa saikolojia lazima atakuwa kiongozi mzuri. Historia haisemi hivyo. G. Stanley Hall alikuwa miongoni mwa waasisi wa saikolojia Marekani, mtu aliyeandika kitabu kikubwa juu ya vijana balehe mwaka 1904 na kumwalika Sigmund Freud mwaka 1909. Alikuwa pia rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Clark, kilichofunguliwa mwaka 1889. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1892, walimu wake wengi walikuwa wamepoteza imani naye na wakaondoka, wengi wakaenda Chuo Kikuu kipya cha Chicago. Fedha ziliyumba, hilo ni kweli, lakini fedha huyumba vyuo vyote. Mtu anaweza kuijua nafsi ya kijana wa miaka kumi na minne na asijue mwalimu wa ofisi ya pili ana kinyongo gani. Kwa upande wetu wa dunia namheshimu sana mwanasaikolojia Chabani Manganyi wa Afrika Kusini. Alisimama mahakamani kama shahidi mtaalamu katika kesi za kisiasa za enzi za makaburu, akakiongoza Chuo Kikuu cha Kaskazini kule Turfloop mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha akawa mtendaji mkuu wa wizara ya elimu baada ya uchaguzi wa 1994. Ninachojifunza kwake ni kwamba kuna wakati ujuzi wa nafsi za watu unapaswa kutoka chumbani na kusemwa mbele ya wenye mamlaka, na unaweza kusemwa bila kumvua mtu nguo.

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi ya yote.

Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa huku, akasema shikamoo mama. Nikamwitikia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Akauliza, "Mama, nikuambie kama mama au nikuambie kama mkuu wa chuo?" Nilitamani kumwambia kama mama. Miaka yangu yote ya chumba kile cha nyuma ya maktaba ilinisukuma nimwambie hivyo. Lakini nilijua kwamba Jumatatu ijayo kamati ya mitihani ingekaa, mimi ni mwenyekiti wake, na jina lake huenda liko mezani. Nikisikia siri yake, ningefanyaje? Kuitumia ni kuitoa. Kutoitumia ni kujifanya sijui ninachokijua, na binadamu hawezi kukifuta kitu kichwani kwa kuamua. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye nitakayesaini. Usiniambie. Nitakupeleka kwa mtu ambaye hawezi kukufanya lolote." Nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwa mshauri wetu.

Tangu nilipochukua kiti niliacha ushauri nasaha kabisa, na sikueleweka. Wako waliosema mama amepanda cheo hataki tena kutusikiliza. Iliniuma, kwa sababu kazi ile niliipenda kuliko hii. Lakini katika taaluma yetu hili ni jambo la msingi: anayekusikiliza asiwe yule anayekuamulia. Mwalimu akiwa ndiye anayesahihisha mtihani wako, ndiye anayekushauri juu ya ndoa yako, na ndiye anayekukopesha nauli, hutajua tena unapomcheka unamcheka kwa sababu gani. Hapa kwetu, ambako kila mkubwa ni mama au baba, mpaka huo ni mgumu kuuchora, na kuuchora kunaonekana kama ukali. Mimi naona ni upendo.

Kuuchora mpaka kichwani hakutoshi. Lazima uuchore kwenye jengo. Chumba cha mshauri kilipohamishwa kutoka nyuma ya maktaba, kabla sijawa mkuu, kilipelekwa jengo la utawala kwa nia njema kabisa, ili kiwe na umeme wa uhakika. Nilikwenda kukaa kwenye benchi lake asubuhi moja. Ni benchi la mbao, limebandikwa ukutani kwenye ujia. Mkono wa kulia, mlango wa mshauri. Mkono wa kushoto, mlango wa kamati ya nidhamu. Mbele yako, dirisha la mhasibu ambako wanafunzi hujipanga kuulizia ada. Yaani anayetaka kusema kwamba hajalala wiki nzima anakaa pale akitazamwa na foleni nzima ya ada, na anayempita hajui kama amekuja kushauriwa au ameitwa nidhamu. Mshauri wetu alikuwa msichana hodari, amesomea ushauri, na daftari lake lilikuwa karibu tupu. Watu walianza kusema wanafunzi wa siku hizi hawana shida za kushauriwa. Tulimhamishia kwenye nyumba ndogo upande wa zahanati, chini ya miembe, ambako mtu akionekana anaweza kuwa amefuata dawa ya malaria au ametafuta kivuli. Nyumba ile ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Daftari likaanza kujaa.

Sasa tukawa na tatizo jipya, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ninalolithamini kuliko yote. Mshauri anajua kwa nini watu wanaanguka, lakini haruhusiwi kusema. Mkuu wa chuo ana uwezo wa kubadilisha mambo, lakini hajui kwa nini watu wanaanguka. Ukuta niliousimamisha kwa mikono yangu ulikuwa unazuia siri zisitoke, na pia unazuia chuo kisipone. Nilikaa na yule binti mshauri, tukazungumza mpaka giza likaingia. Mwisho nikamwambia, sitaki majina, nataka sababu. Kila mwisho wa muhula aniandikie ukurasa mmoja: ni mambo gani yamewaleta watu, yepi yameongezeka, miezi gani. Jina hakuna, kozi hakuna, mwaka hakuna. Yeye mwenyewe akaongeza sharti ambalo sikulifikiria: sababu iliyoletwa na watu wachache sana isiandikwe peke yake, ichanganywe na nyingine, kwa sababu katika chuo kidogo ukisema "mmoja amefiwa na mume" umeshamtaja. Na tukakubaliana juu ya mahali pamoja tu ambapo ukimya unavunjwa: maisha ya mtu yakiwa hatarini, yake au ya mwingine. Hapo anapiga simu usiku uleule, mgonjwa anapelekwa hospitali ya Kitete hapa mjini, na ikibidi daktari anampa rufaa ya hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mwanafunzi anaelezwa hilo kabla hajafungua mdomo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari michache. Mmoja ulisema: wanaokwenda nyumbani kukesha kwenye mabani, Februari mpaka Aprili.

Asiyeujua mkoa huu hataelewa. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku ya mvuke. Ikishavunwa, majani hutungwa kwenye fito na kupandishwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kisha moto unawashwa chini na kulindwa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Joto linapandishwa kidogokidogo, kwanza majani yageuke manjano, kisha yakauke, mwisho kikonyo nacho kikauke. Moto ukizidi, umeunguza. Ukizimika, majani yanakuwa meusi na daraja linashuka sokoni. Familia ambayo baba amezeeka au anaumwa inamwita kijana wake wa chuo. Hawezi kukataa, maana ada yake imo ndani ya bani lile. Ijumaa anapanda basi au treni, Jumamosi na Jumapili analisha kuni, Jumatatu saa mbili asubuhi yuko kwenye jaribio macho mekundu. Nasi walimu majaribio tulikuwa tunayaweka Jumatatu, kwa sababu Jumatatu vichwa vimepumzika! Miaka na miaka tulitazama alama zile tukasema vijana wa vijijini wakishazoea mji wanalegea.

Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa amelisema hilo kwenye kamati ya mitihani. Unapoitwa mbele ya meza yenye watu saba na ukaulizwa kwa nini umefeli, utasema uliumwa, utasema utajitahidi. Huwezi kusema ulikuwa unachochea moto. Unaona kama unamshtaki baba yako.

Tulifanya mambo mawili. Majaribio yakaondolewa Jumatatu, yakahamia Jumatano na Alhamisi. Na mwanafunzi mwenye jambo zito anaweza, kabla ya jaribio wala si baada yake, kuleta barua ya mshauri yenye mstari mmoja tu, kwamba ana sababu ya msingi, na akapangiwa siku nyingine. Sababu yenyewe haiandikwi. Kamati haiulizi.

Upinzani ulikuwepo, na ulitoka kwa watu ninaowaheshimu. Mwenzangu mmoja wa hisabati alisema chuo kikuu hakiendeshwi kwa kalenda ya kilimo, na barua isiyotaja sababu ni mlango wa utapeli. Hoja yake ya pili ilikuwa nzito, nikairudisha kwa kikao nikiwa nje kama kawaida. Walichoamua wao, bila mimi, ni kwamba jaribio la siku nyingine liwe jipya na gumu vilevile, na alama za kufaulu zibaki palepale. Kwa mpango huo tapeli hapati kitu zaidi ya siku mbili tatu. Hoja ya kwanza nilimjibu mwenyewe, faragha: Mihula yetu imepangwa kwa kalenda ya mikopo, ya Krismasi, ya Ramadhani na ya uchaguzi. Tumbaku ndiyo inayolipa ada za nusu ya ukumbi wako, kwa nini iwe yenyewe tu isiyohesabiwa? Hakukubali siku ile. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kuhamisha majaribio yake, wala sikumkumbusha tulichozungumza.

Kurasa nyingine zimetuonyesha mengine. Kuchelewa kwa bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, na wenye nyumba wanaofunga vyumba vya mabinti waliopanga mtaani. Hilo tulilishughulikia kwa kuongea na wenye nyumba ana kwa ana, mtaa kwa mtaa, tukiwa na wenyeviti wa mitaa. Hofu ya kusimama mbele ya wenzako kuwasilisha kazi kwa Kiingereza, ambayo ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, na ambayo bado hatujaipatia dawa ninayoridhika nayo. Na mwaka huu umeandikwa mstari ambao umenikalia kichwani: wanafunzi wanaosema mhadhiri wao hayuko sawa. Wahadhiri hawaendi kwenye ile nyumba ya miembe. Wanaona aibu kukaa benchi moja na wanafunzi wao, na kwangu hawawezi kuja kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Mtu mzima mwenye shahada tatu anabeba msiba au deni mwaka mzima, anafundisha, anasahihisha, na hana pa kulitua. Kwa hao nimeomba chuo kiingie makubaliano na mshauri wa nje kabisa, asiyelipwa kwa sahihi yangu.

Kinachoninyima raha ni kwamba yule binti mshauri bado yuko kwenye mkataba wa mwaka mmojammoja. Nafasi yake haimo kwenye ikama, yaani orodha rasmi ya nafasi za ajira, analipwa kutoka kwenye fungu la matumizi mengineyo, na mkuu ajaye akibanwa na fedha, kalamu yake itaanzia hapo. Mkataba wa namna hiyo unaharibu hata kazi yenyewe: mtu ambaye ajira yake inaamuliwa na mkuu wa chuo kila mwaka ataanza, hata bila kujua, kuniandikia ukurasa unaonifurahisha. Andiko la kuomba nafasi hiyo iwe ya kudumu, na mshauri awajibike kwa baraza la chuo badala ya ofisi ya mkuu, nimeshalikabidhi kwa katibu. Baraza linakaa kabla sijaondoka. Nitaliwasilisha, nitajibu maswali, kisha nitatoka nje walijadili.